Kumtazama Chozi Mauani, Hatua kwa Hatua

Karibuni, ndugu watazamaji. Leo tunajifunza kumtazama chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, ambaye hupita kwenye maua ya nyumba zetu kila asubuhi na wengi wetu hatumgeukii. Wapo wanaodhani kuwa ndiye ndege wa ile hadithi aliyopenda kuisimulia marehemu Profesa Wangari Maathai, ya ndege mdogo aliyebeba tone la maji mdomoni kwenda kuzima moto wa msitu. Yule ni ndege mvumaji, ambaye jamaa zake, zaidi ya spishi 300, wanaishi katika mabara ya Amerika pekee. Mvumaji hunyonya ua akiwa ameelea hewani, na wale wadogo hupiga mabawa karibu mara 50 kwa sekunde. Chozi ni wa ukoo mwingine kabisa, naye kwa kawaida hutua kwanza ndipo anywe, jambo ambalo ni neema kwa mtazamaji.

Hatua ya kwanza ni kuchagua mmea mmoja na kushikamana nao. Mshubiri uliochanua, hibiskasi ya uani, hata ua la mgomba linaloning'inia, vyote vinafaa. Sishauri chupa ya maji ya sukari, kwa sababu chupa humleta ndege bila kukuonyesha kazi ya mdomo wake.

Hatua ya pili, kaeni kitako mapema asubuhi, hatua sita au saba kutoka kwenye mmea, jua likiwa mgongoni mwenu. Darubini ikiwepo ni vizuri, isipokuwepo msiahirishe. Huenda robo saa ya kwanza ikapita bila kuona kitu, msiinuke. Mara nyingi sauti humtangulia, mlio mkali na mfupi unaorudiwarudiwa, na kabla hamjageuka tayari ameshatua.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, nayo ni kufuata mdomo. Tazameni hapa kwenye mshubiri: ameshika bua kwa kucha, ameinama, ameingiza mdomo hadi kwenye mbochi, yaani yale maji matamu yaliyomo ndani ya ua, na anapoinuka ana vumbi la njano kwenye paji. Hiyo ni chavua, ataipeleka kwenye ua linalofuata. Sasa linganisheni na hibiskasi. Hapa hapiti mlangoni. Anazunguka nyuma, anatoboa kitako cha ua na kufyonza mbochi bila kugusa chavua hata kidogo. Okoteni ua lililodondoka, ligeuzeni, mtafute tundu dogo kama la sindano karibu na kikonyo. Siku niliyoligundua tundu la kwanza, nilikaa nikigeuza maua yote yaliyokuwa chini ya kichaka hadi chai ikapoa.

Hatua ya nne ni rangi. Dume wa spishi nyingi hung'aa kama chuma kilichosuguliwa, na akigeuka kidogo tu, kijani huwa buluu, kwa kuwa mng'ao huo unatokana na umbile la manyoya linavyovunja mwanga. Akiingia kivulini huonekana mweusi tu. Jike ni kijivu au kijani kilichofifia, na mgeni humkosea kwa urahisi kuwa ndege mwingine.

Hatua ya tano, hesabuni ugomvi. Andikeni ni mara ngapi ndege mmoja anawafukuza wenzake kutoka kwenye mmea wenu katika nusu saa. Watafiti Frank Gill na Larry Wolf walichapisha mwaka 1975 uchunguzi wao wa chozi mwenye mabawa ya dhahabu karibu na Ziwa Naivasha: maeneo waliyolinda ndege hao yalitofautiana sana kwa ukubwa, ila idadi ya maua ndani yake ilikaribiana, kiasi cha kumtosha ndege mmoja kwa siku. Kwa hiyo maua yakipungua kwenye kichaka chenu, angalieni kama mlinzi anapanua mipaka au anahama.

Hatua ya mwisho ni kiota, na hapa nawasihi muwe na adabu. Ni kifuko cha nyasi, majani makavu na utando wa buibui, kinachoning'inia kwenye tawi, pengine hata kwenye waya wa taa ya baraza, na mlango wake uko ubavuni chini ya kibaraza kidogo. Msikishike, msikate tawi ili kupata picha. Rudini nyuma hadi mama aache kulia, kisha subirini. Atarudi akipitia matawi mawili matatu, ataingia kwa ghafla, na mkiangalia vizuri mtaona ncha ya mdomo wake imechomoza mlangoni, chini ya kile kibaraza, imetulia.