Kwa Nini Majibu Mengine Si Sahihi: Kujiandaa kwa Kundi kwa Mtihani wa Cheti cha Usalama wa Kompyuta

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, na wanafunzi wenzangu,

Nimeombwa nizungumzie maandalizi ya mtihani wa cheti cha ngazi ya kuanzia cha usalama wa kompyuta, na kwa kuwa wengi wenu mmeazimia kufanya Security+ unaotolewa na CompTIA, taasisi ya kutoa vyeti vya kompyuta, nitauchukua huo kuwa mfano wangu. Katika toleo la SY0-701, lililotoka Novemba 2023, mtihani huu una maswali yasiyozidi 90 yanayojibiwa kwa dakika 90, na anayefikia alama 750, katika kipimo kinachoanzia 100 hadi 900, amefaulu. Baadhi ya maswali ni ya vitendo: mtahiniwa anapewa, kwa mfano, mchoro wa mtandao au kanuni za ukuta moto, yaani kinga inayochuja mawasiliano ya mtandao, naye huzipanga mwenyewe. Hayo hula dakika nyingi, kwa hiyo maswali ya kuchagua hayana budi kujibiwa kwa muda usiofika dakika moja kila moja, na hakuna awezaye kwenda kwa mwendo huo iwapo bado anatafuta maana ya maneno.

Nimekuja kusema jambo moja. Kundi lina manufaa pale linapofanya kazi ambayo mtu peke yake haifanyi vizuri, nayo ni kueleza kwa sauti, mbele ya watu wanaoweza kumpinga, kwa nini majibu matatu kati ya manne si sahihi. Kusoma sura, kutazama video, kukariri poti, yaani namba za milango ya mawasiliano, kwamba SSH ya kuingia kompyuta ya mbali hutumia poti 22 na HTTPS ya tovuti salama poti 443, hayo kila mmoja ayafanye peke yake kabla ya kuja. Nimeyaona makundi yanayokutana kwa saa mbili ili mmoja asome na wengine wafuatilie kwa macho, na nasikitika kusema kwamba wengi huondoka wakiwa na raha ya kuelewa bila kuwa wameelewa.

Tuchukue swali moja. Mfanyakazi anaripoti kwamba mafaili yake yanabadilika majina moja baada ya jingine na hayafunguki tena. Mtaalamu afanye nini kwanza: arejeshe mafaili kutoka kwenye nakala rudufu, aitenge kompyuta na mtandao, aiondoe programu hasidi, au aandike ripoti ya mafunzo yaliyopatikana? Jibu ni kuitenga kompyuta, na kundi linaloishia hapo limepata alama moja tu. Mwenye kueleza aulizwe kwa nini asianze kurejesha mafaili, ambalo ndilo jambo mwenye kompyuta analolilia. Atajibu kwamba programu hiyo ingali hai, hivyo mafaili yaliyorejeshwa yatafungwa kama yale ya mwanzo, na nakala rudufu zenyewe, zikiunganishwa wakati huo, zinaweza kuambukizwa. Kwa nini asianze kuiondoa? Kwa sababu anapohangaika na kompyuta moja, ya pili na ya tatu zinashambuliwa. Ripoti ya mafunzo nayo huja mwishoni, wakati ambapo kilichotokea kimeshajulikana. Kufikia hapo mwenzetu amezipitia hatua za kushughulikia tukio, tangu kugundua na kuchambua hadi kuzuia kuenea, kuondoa na kurejesha, na ameziona zikiwa na sababu badala ya kuwa wimbo wa kukariri. Kisha mwambieni abadilishe maneno machache ya swali ili kurejesha mafaili ndiko kuwe jibu sahihi. Akiweza, somo hilo limeingia.

Katika kundi langu la kwanza tulikuwa watano. Jioni moja tulimwomba mwenzetu aliyekuwa mkimya kuliko wote achore ubaoni namna Asha anavyompelekea Juma ujumbe wa siri wenye saini ya kidijitali, yaani alama inayothibitisha kwamba ujumbe umetoka kwake. Alichora vizuri kwamba ujumbe unasimbwa, yaani unafanywa usisomeke, kwa ufunguo wa umma wa Juma, ambao yeyote anaweza kuupata, ili Juma pekee aufungue kwa ufunguo wake wa siri. Alipofika kwenye saini, mmoja wetu alidakia kwamba Asha atasaini kwa ufunguo wake wa umma, nasi wengine tukaitikia. Mkimya yule akaishusha chaki, akauliza: "Kama anasaini kwa ufunguo ambao kila mtu anao, ni nani atakayeshindwa kujifanya Asha?" Hakuna aliyejibu. Tulikuwa tumeyajibu maswali ya sura ile bila kukosa, kwa kukumbuka sentensi za kitabu. Asha husaini kwa ufunguo wake wa siri, na yeyote huihakiki saini kwa ule wa umma. Tangu jioni ile sijawahi kuvichanganya vitu hivyo.

Utafiti nao unaunga mkono njia hii. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha matokeo ya majaribio ambamo wanafunzi walisoma makala fupi. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja, waliojipima kwa kukumbuka ndio waliowashinda.

Gawaneni pia tukio moja la kweli. Shambulio la WannaCry, programu hasidi iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia, linafaa sana. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka, yaani marekebisho ya kuziba udhaifu uliotumiwa, na shambulio likalipuka tarehe 12 Mei mwaka huohuo, likazikumba hata hospitali za Uingereza. Mmoja aeleze udhaifu wa SMB, njia ya kompyuta kushirikiana mafaili mtandaoni, na poti 445, mwingine aeleze jinsi kugawa mtandao kungepunguza madhara, mwingine achukue nakala rudufu, na wa mwisho ajibu swali gumu kuliko yote: kwa nini taasisi zilikaa karibu miezi miwili bila kuweka kiraka? Jibu lake limo katika usimamizi, eneo lenye asilimia 20 ya mtihani, ambalo wapenzi wa mambo ya kiufundi hulikimbia. Humo ndimo zilimo hesabu za hatari. Ikiwa tukio moja linaleta hasara ya 20,000, na hutokea mara moja kila miaka minne, hasara ya mwaka ni 5,000. Kinga ya 8,000 kwa mwaka haijihalalishi kwa hesabu hiyo pekee. Eneo la uendeshaji wa usalama lina asilimia 28, kubwa kuliko mengine yote, nalo lipewe vikao vingi zaidi.

Kuna jambo ambalo kundi lisikubali hata kidogo. Mtu akileta maswali anayodai yametoka kwenye mtihani halisi, yakataliwe papo hapo. Kila mtahiniwa hukubali masharti ya kutoyatoa nje, na anayeyavunja anaweza kunyang'anywa cheti. Linaloniuma zaidi ni hili: tunajiandaa kukabidhiwa siri za watu, rekodi za wagonjwa na mishahara ya wafanyakazi, na hatuwezi kuingia katika kazi hiyo kwa mlango wa kuvunja ahadi.

Siku ya mtihani, maswali ya vitendo mara nyingi hutangulia. Yawekeni alama, mpite, myarudie baada ya kumaliza mengine. Someni neno "kwanza" au "bora zaidi" katika swali kabla ya kuyatazama majibu.

Kwenye kila meza kuna karatasi yenye swali moja, na jibu lake sahihi limeshatiwa alama. Kaeni wanne wanne. Mmoja aanze kutetea kwa nini yale mengine matatu si sahihi, na walio pembeni yake wasimwachie sentensi hata moja bila kuuliza.