Mafiga Matatu ya Sumaku: Joto Linapogeuka Kalamu

Mabibi na mabwana, wanafunzi, na ninyi wazee mlioacha upepo wa ziwa jioni hii mkaja kuketi katika ukumbi huu wa Mwanza, shikamooni.

Nianze na sindano hii ya kushonea. Wiki iliyopita niliisugua kwa sumaku mpaka ikawa inanasa pini, kisha nikaipeleka kwa mhunzi, naye akaizika kwenye makaa na kuvukuta hadi ikang'aa kwa wekundu. Ilipopoa haikunasa hata pini moja. Chuma hupoteza usumaku wake kikifika nyuzi 770 za Selsiasi, kwa kuwa mtikisiko wa joto huzishinda nguvu zinazozielekeza atomi upande mmoja. Ndiyo maana tumezoea kuliona joto kuwa adui wa kumbukumbu.

Hata hivyo, adui huyo amekwisha kuajiriwa. Diski ya kompyuta huhifadhi kila biti, yaani alama moja ya sifuri au moja, katika punje ndogo za sumaku, na anayetaka kuhifadhi mengi hana budi kuzipunguza punje hizo; lakini zikipungua mno, joto la kawaida la chumbani hutosha kuzigeuza na kufuta kilichoandikwa. Wahandisi wakachagua mchanganyiko mkaidi wa chuma na platini, ambao ukaidi wake ulizuia hata kuandika, na mwishowe wakaweka leza inayokipasha kidoa kimoja zaidi ya nyuzi 400 kwa muda wa takriban sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Punje hulainika, huandikwa, kisha hupoa na mwelekeo wake. Diski za namna hiyo, zenye terabaiti 30, zilitangazwa mwaka 2024.

Kinachonivutia zaidi ni jamii nyingine ya sumaku. Fikirini mafiga matatu, na juu ya kila figa atomi moja isiyotaka kuelekea anakoelekea jirani yake. Ya kwanza ikitazama juu, ya pili itatazama chini. Ya tatu itazame wapi? Ikichagua juu inamuudhi wa kwanza, ikichagua chini inamuudhi wa pili. Mwaka 1950 mwanafizikia Gregory Wannier alionyesha kwamba wavu wa pembetatu za namna hii hubaki na vurugu hata kwenye sifuri halisi ya joto, yaani baridi ya mwisho kabisa, na mwaka 1977 mwanafizikia mwingine, Gérard Toulouse, akaipa hali hiyo jina la "frustration", ambalo mimi nalitamka kwa Kiswahili kama mkwamo. Wapo wenzangu wanaopenda neno "kero", lakini naona kero ni ya mtu, ilhali mkwamo ni wa mpangilio wenyewe.

Atomi zikiruhusiwa kuzunguka kwenye bapa moja, hupatana kwa namna ya kila mmoja kupoteza kidogo: kila moja huelekea nyuzi 120 kutoka kwa wenzake. Hivyo ndivyo zilivyo atomi za manganizi katika kiwanja cha manganizi na bati, Mn3Sn, zikiwa zimepangwa kwa muundo uitwao kagome, neno la Kijapani lenye maana ya jicho la kikapu. Wavuvi wetu, wanaouita kila mwanya wa wavu jicho, hawahitaji kufafanuliwa zaidi. Nguvu hizo tatu hukaribia kufutana kabisa, na usumaku unaobaki kwa kila atomi ni kama sehemu moja ya elfu ya ule wa atomi ya chuma. Kwa hiyo biti mbili zinaweza kukaa jirani bila moja kuivuruga nyingine. Mpangilio mzima ukitazama upande mmoja tunauita sifuri, ukitazama upande wa pili tunauita moja.

Lakini kitu kisicho na usumaku wa kutosha kitasomwaje? Hapa ndipo joto linaporudi. Ukipasha Mn3Sn upande mmoja kuliko mwingine, volti hujitokeza kwa ubavu, na alama yake, chanya au hasi, hufuata mwelekeo wa mpangilio ule. Kazi iliyochapishwa mwaka 2019 ilitumia leza kuvipitia vipande vya Mn3Sn, ikachora ramani ya sehemu za sifuri na za moja. Na leza ileile, ikiongezwa nguvu huku uga wa sumaku ukiwapo, iliweza kuziandika upya. Moto mdogo ulisoma, moto mkubwa uliandika.

Mzee mmoja aliniuliza mlangoni kama jua la Mwanza halitaifuta kumbukumbu hiyo. Mpangilio wa Mn3Sn huvunjika karibu na nyuzi 147, yaani juu ya maji yanayochemka na chini ya mafuta yaliyokolea moto wa kukaangia sato. Jua halifiki huko. Ninachokiogopa mimi ni leza yenyewe, kwa sababu joto haliheshimu mpaka: hutambaa kutoka jicho moja la kikapu hadi jingine, na bado doa la mwanga ni pana kuliko biti tunazotamani kuandika.