Ulianza na Gredi Dhaifu na Wataka Kuwa Daktari wa Meno? Nisikilize Kabla Hujamlipa Wakala

Asalaam aleikum, watazamaji wangu wa Mombasa na Pwani nzima, pamoja na ndugu zangu wa bara. Nawasalimu kutoka Columbus, Ohio, ambako nasomea udaktari wa meno na sasa niko mwaka wa tatu. Jumbe nyingi mnazonitumia zina swali lile lile: je, kijana aliyepata C katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne wa Kenya, au aliyeingia chuoni akaanguka mwaka wa kwanza, bado ana njia ya kuwa daktari wa meno? Jibu langu ni ndiyo, lakini nataka kulieleza kwa ukamilifu, kwa sababu wapo wazazi huko Kisauni na Likoni wanaouza kiwanja kwa ajili ya ndiyo iliyoelezwa nusu na mawakala wa kupeleka wanafunzi ng'ambo.

Tuanze nyumbani. Anayetaka kusomea shahada hii katika vyuo kama Chuo Kikuu cha Nairobi au Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret anapimwa kwa mtihani mmoja wa kidato cha nne. Baraza la madaktari, KMPDC, limeweka kiwango cha chini kuwa B, pamoja na B katika masomo ya msingi yakiwemo biolojia na kemia, na kwa kuwa nafasi ni chache, wanaochaguliwa huwa na gredi za juu zaidi ya hapo. Aliyekosa hana budi kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kibinafsi, au kupitia stashahada ya afya ya kinywa katika KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba cha serikali, ambayo mimi siioni kuwa njia duni hata kidogo: maafisa hao ndio wanaozifikia shule na vijiji ambavyo daktari hafiki.

Hapa Marekani mpangilio ni tofauti. Hakuna anayeingia shule ya udaktari wa meno moja kwa moja kutoka sekondari. Kwanza unasoma chuo, kwa kawaida miaka minne, ukipitia biolojia, kemia, kemia ogania na fizikia, kisha ndipo unapoomba nafasi katika shule ya meno, ambako utakaa miaka minne mingine. Kwa hiyo gredi ya KCSE haikuhukumu, na vyuo vya jamii, ambavyo ada zake ni nafuu kuliko za vyuo vikuu, hupokea wanafunzi wa kila kiwango. Ila kuanzia darasa la kwanza utakaloketi huku, kila alama inaandikwa na inabaki pale pale.

Hili la kubaki ndilo ninalotaka mlielewe vizuri. Maombi ya karibu shule zote hupitia mfumo mmoja uitwao AADSAS, na mfumo huo huhesabu kila somo ulilofanya katika kila chuo ulichopitia. Ukipata C katika kemia, ukarudia ukapata A, chuo chako chaweza kuifuta ile C katika hesabu zake, lakini AADSAS haifuti: inazihesabu zote mbili, nawe unabaki na wastani wa B. Jimbo la Texas lina sheria inayomruhusu mkaazi wake kuomba masomo aliyoyafanya miaka 10 au zaidi iliyopita yasihesabiwe, nayo ni rehema kubwa kwa waliorudi shule ukubwani, lakini usijenge mpango wako juu ya rehema ya jimbo usiloishi.

Mimi nilifika hapa na gredi ya C, nikiwa na kadi ya ukaazi wa kudumu, na nilikuwa nikifanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, kisha nikitoka huko naingia darasa la kemia asubuhi. Mwaka wa kwanza nilipata wastani wa 2.4 kati ya 4.0. Wanaoingia shule za meno huwa na wastani unaopita 3.5, kwa hiyo mtu angeweza kuniambia nitafute kazi nyingine, na wapo walioniambia.

Sasa shikeni kalamu tupige hesabu pamoja. Kila somo huku lina krediti zake, yaani uzito wake katika hesabu, na mwaka mmoja wa masomo ni kama krediti 30. Krediti 30 kwa wastani wa 2.4 ni pointi 72. Tuseme miaka mitatu inayofuata unafanya krediti 90 kwa wastani wa 3.8; hizo ni pointi 342. Jumla ni pointi 414 kwa krediti 120, yaani wastani wa 3.45. Mnaona? Mwaka ule mbaya haukufutika, lakini umezidiwa. Tena kamati ya udahili haitazami jumla peke yake, kwa maana AADSAS huwaonyesha wastani wa kila mwaka na wastani wa masomo ya sayansi kando, nao wanaona kwa macho yao kwamba mwanafunzi huyu alianza chini akapanda, akabaki juu hata masomo yalipokuwa magumu zaidi. Kwa sababu hiyo, naona kwamba aliyepita somo kwa C aghalabu hufaidika zaidi akisonga mbele na kupata A katika biokemia, fiziolojia na mikrobiolojia kuliko kurudia rudia yale ya mwanzo. Aliyeshindwa kabisa, huyo lazima arudie. Na kabla ya yote, punguza saa za kazi ikiwa riziki yaruhusu, maana mimi alama zangu zilianza kupanda nilipoacha kazi ya usiku.

Kuna pia DAT, mtihani wa kuombea nafasi katika shule za meno. Zamani alama zake zilikuwa kuanzia 1 hadi 30, lakini tangu Machi 2025 zinatolewa kwa kipimo cha 200 hadi 600, hivyo msitishwe na video za kale. Mtihani huu una uzito wa pekee kwa mwenye mwanzo dhaifu, kwa kuwa ndio unaothibitisha kwamba zile A za baadaye ni za kweli. Una sayansi, kusoma kwa ufahamu na hesabu, na una sehemu moja isiyofanana na chochote tulichofundishwa sekondari: maswali 90 kwa dakika 60, ya kupima jicho. Unaonyeshwa karatasi ya mraba iliyokunjwa, mara nyingine ikakunjwa tena, kisha ikatobolewa, nawe useme matundu yatakaa wapi itakapokunjuliwa. Unapewa pembe nne zinazokaribiana mno uzipange kutoka ndogo hadi kubwa.

Mama yangu hushona kofia za vito, nami nilikua nikimsaidia pale barazani, tukitoboa kitambaa na kuzungushia uzi kila kijitundu hadi upande mmoja ulingane na wa pili. Katika mahojiano niliulizwa nimewahi kufanya kazi gani ya mikono, nikaitoa kofia mkobani nikawapa waishike. Mmoja wa walimu aliigeuza ndani nje kutazama mafundo, na maswali yaliyofuata yote yakawa juu ya hiyo kofia. Leo nikichonga gego kwa nta kwenye maabara, nikitafuta mwinuko wa nusu milimita, ni vidole vile vile. Vijana wa Mji wa Kale mnaochonga mbao, wasusi, mafundi wa saa, msiache kuyaandika haya katika maombi yenu. Yaandikeni sawa na mnavyoandika saa mlizokaa na daktari kwenye kliniki mkimtazama akifanya kazi, ambazo shule nyingi hupenda zifike 100 hivi.

Maombi hufunguliwa kati ya Mei na Juni, na anayetuma mapema ana nafuu, kwa sababu shule nyingi huita watu kadiri faili zinavyoingia.

Nimebakisha fedha, na hapa nazungumza na wazazi. Shule ya meno Marekani ni ghali mno. Mikopo ya serikali ni ya raia na wakaazi wa kudumu. Mwenye viza ya mwanafunzi haipati, na baadhi ya shule hazimpokei kabisa. Hata kwa wenye haki hiyo, sheria iliyopitishwa 2025 imewawekea wakopaji wapya wa fani kama hii kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na dola 200,000 kwa jumla, kuanzia Julai 2026, na zipo shule ambazo gharama yake inapita hapo. Na daktari aliyehitimu Nairobi akitaka kufanya kazi huku, kwa kawaida huhitaji kusoma tena miaka miwili au mitatu na kufanya mtihani wa taifa. Kwa hiyo mwenye B yake na nafasi Eldoret, aende Eldoret.

Kama wakala yuko mbele yako na risiti mkononi, muulize haya: shule hiyo imeidhinishwa na CODA, chombo kinachoidhinisha shule za meno Marekani? Inapokea wenye viza ya mwanafunzi? Ada ya mwaka wa pili, wa tatu na wa nne italipwa na nani? Akijibu kwamba mtayajua mkifika, usitie sahihi. Nitumieni nakala za matokeo yenu, hasa kemia, mkificha majina, nami katika video ijayo nitazipitia mbele yenu moja baada ya nyingine.