Hitilafu Iko Wapi? Namna ya Kusoma Nyurolojia kwa Kuchora

Karibuni sana. Leo tunasoma nyurolojia, yaani tiba ya magonjwa ya ubongo, ugwe wa mgongo na neva, na tunaisoma mkono ukiwa kazini. Tafuta karatasi mbili tupu na kalamu tatu: nyekundu, buluu na kijani. Vitabu viweke pembeni kwanza.

Mwaka 1994 daktari wa Marekani, Ralph Jozefowicz, aliipa jina hofu ambayo wanafunzi wengi wa udaktari wanaijua: nyurofobia, yaani kuiogopa nyurolojia. Alisema inatokana na mwanafunzi kushindwa kuyatumia kwa mgonjwa yale aliyojifunza kwenye sayansi ya msingi. Ndivyo ilivyonikuta mimi. Niliingia wodini nikiwa nimekariri orodha ndefu ya magonjwa, nikakutana na mgonjwa ambaye mguu mmoja hauna nguvu na wa pili una nguvu lakini hausikii maumivu. Orodha yangu haikunisaidia kitu. Mgonjwa huyo tutamrudia baada ya dakika chache.

Hatua ya kwanza ni kubadili swali. Usianze na "huu ni ugonjwa gani?" Anza na "hitilafu iko wapi?" Jina la ugonjwa ni swali la pili, na ukiruka la kwanza utakuwa unabahatisha.

Hatua ya pili, na hapa tutakaa sana: chora njia tatu. Katikati ya karatasi chora ubongo juu, shina la ubongo chini yake, kisha ugwe wa mgongo, ule uzi mnene wa fahamu unaopita ndani ya pingili. Piga mstari wima katikati ili upate kulia na kushoto.

Kalamu nyekundu ni njia ya mwendo. Ianzishe kwenye gamba la ubongo upande wa kushoto, ishushe hadi sehemu ya chini ya medula (kipande cha chini kabisa cha shina la ubongo), hapo ivushe upande wa kulia, iendelee kushuka. Ndiyo maana kiharusi cha ubongo wa kushoto hupooza mkono na mguu wa kulia.

Kalamu ya buluu ni kuhisi mtetemo, na ufahamu wa kiungo kimekaaje hata ukifumba macho. Inapanda kutoka mguuni, inaingia kwenye ugwe, inapanda upande uleule bila kuvuka mpaka ifike medula. Huko ndiko inakovuka.

Kalamu ya kijani ni maumivu na joto. Hii haina subira: ikiingia tu kwenye ugwe, ndani ya pingili moja au mbili inavuka, kisha inapanda upande wa pili.

Sasa weka kidole kwenye nusu ya kulia ya ugwe, usawa wa kifua, na ujifanye umeikata hiyo nusu tu. Simamisha video, angalia ni rangi zipi umekata, na kila rangi ilikuwa inahudumia mguu upi.

Umeona? Mguu wa kulia umepoteza nguvu na mtetemo, wa kushoto umepoteza maumivu na joto. Ndiye yule mgonjwa wangu. Hali hii inaitwa kwa jina la Charles-Édouard Brown-Séquard, mtafiti aliyezaliwa Morisi mwaka 1817. Hujaikariri; umeisoma kwenye mchoro wako mwenyewe.

Hatua ya tatu: njia ya mwendo ina nyuroni (seli za neva) mbili zinazopokezana: ya juu inatoka ubongoni, ya chini inakwenda hadi kwenye misuli. Ikiumia ya juu, misuli inakaza, refleksi (mruko wa kiungo kinapogongwa) zinazidi, na ukikwangua unyayo kidole gumba kinainuka, alama aliyoieleza Joseph Babinski mwaka 1896. Ikiumia ya chini, misuli inalegea, inanyauka, inachezacheza, na refleksi zinapungua au kupotea. Tahadhari moja: ugwe ukiumia ghafla, siku za mwanzo misuli hulegea na refleksi hupotea ingawa hitilafu ni ya nyuroni ya juu. Na mtoto mchanga kuinua kidole gumba ni kawaida.

Kuhusu shina la ubongo, tafuta msalaba: uso una shida upande mmoja, mkono na mguu upande wa pili. Kisha neva za kichwa, zilizopewa namba 1 hadi 12, zikupe ghorofa, yaani usawa wa hitilafu; shina lina ghorofa tatu kutoka juu: ubongo wa kati, ponsi na medula. Kwa kukadiria, ya 3 na ya 4 ziko ubongo wa kati, ya 5 hadi ya 8 ziko ponsi, ya 9 hadi ya 12 ziko medula.

Hatua ya nne ni saa na kalenda. Ukishajua wapi, uliza ilianzaje. Ghafla, ndani ya sekunde au dakika: fikiria mshipa wa damu. Saa hadi siku: maambukizi au kinga ya mwili kushambulia. Wiki hadi miezi: uvimbe. Miaka: kuchakaa kwa nyuroni. Kuna magonjwa yasiyofuata mpangilio huu, lakini anza nao.

Hatua ya tano, usiangalie picha ya MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) kabla hujaandika jibu lako. Mfano: mtu ana miguu dhaifu iliyokaza, na ganzi inayoishia kwenye kitovu. Ngozi ya kitovu inahudumiwa na T10, sehemu ya kumi ya ugwe wa kifuani. Ugwe wa mtu mzima huishia karibu na L1 au L2, pingili mbili za juu za kiuno, kwa hiyo picha ya kiuno peke yake inaweza kutoka safi kabisa huku ugwe ukibanwa kifuani. Mchoro wako ndio unaosema picha ipigwe wapi.

Kinyundo cha kupimia refleksi nacho kikuzoee. Pimaneni wenyewe kwa wenyewe kila siku, hata dakika kumi tu, kwa sababu usipoijua refleksi ya mtu mzima wa afya hutaitambua iliyozidi. Goti likigoma kuruka, mwambie mwenzako afungamanishe vidole vya mikono yote miwili na avute kwa nguvu, kisha gonga palepale.

Zoezi la mwisho. Kope la jicho la kushoto limeshuka, mboni imetanuka, jicho limeelekea chini na nje. Mkono na mguu wa kulia vimepooza ghafla. Simamisha video, andika mahali na chanzo.

Jicho ni neva ya 3, kwa hiyo ubongo wa kati. Nyekundu haijavuka bado, kwa hiyo ni upande uleule wa jicho, kushoto. Imetokea ghafla, kwa hiyo mshipa wa damu. Kama umekosa upande, chukua karatasi ya pili uchore njia zote tatu upya, bila kutazama ya kwanza.