Silipwi jamani, nalipa mimi: ubingwa wa kupanga meno Uingereza

Kamweneee! Wa Iringa, Mafinga, Makambako, Mbeya mpo? Leo nimetoka kliniki nimechoka hata kujipaka poda sijajipaka, ila hili swali limezidi. Kila nikipost naulizwa "dada unasomea ubingwa Uingereza, wanakulipa sh ngapi?" Nikinyamaza naambiwa naringa, nikijibu ooh analalamika, si urudi. Haya leo najibu.

Silipwi. Nalipa mimi. Wenzangu darasani ambao ni wa hapa wapo kwenye nafasi za NHS, yaani huduma ya afya ya serikali ya huku, wanakula mshahara, mimi wa nje nalipa ada, na ada yenyewe ni makumi ya maelfu ya pauni kwa mwaka, mara miaka 3. Kazi tunayofanya ni ileile, mgonjwa hajui nani analipwa nani analipa. Na msiniambie nifungue kakliniki pembeni, usajili wangu ni wa muda, natibu palepale nilipoandikishwa na kuna mtu ananisimamia, basi.

Mwingine kaandika "miaka 3 ya kufunga watu waya za meno tu?" Kaka yangu, mgonjwa mmoja anakaa na waya karibu miaka 2, unamwona kila baada ya wiki kadhaa, na wewe unatakiwa umuanze umfikishe mwisho, sasa hiyo miaka 3 ipunguzwe wapi? Halafu kuna kukunja waya kwa mkono. Unapewa waya wa stenlesi wa milimita 0.7 na koleo, utengeneze kishikizo kinachobana jino la nyuma, vipembe viwili viingie sawasawa chini ya pale jino lilipotuna. Ukikosea ukaunyoosha uanze upya, waya unachoka, pap, umekatika. Kidole gumba changu hiki hapa, oneni, sugu kama fundi seremala. Na mimi nina DDS, digrii ya udaktari wa meno, ya Muhimbili, miaka 5 na intanishipu juu, nimeng'oa meno ya watu wazima na akili zao.

Sasa makaratasi. Kipimo cha TB Dar, alama za vidole Dar, kwa hiyo we wa Iringa kazi yako ni kushuka Kitonga na kupanda Kitonga. Kuna tozo ya afya ya viza, pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, na unailipa ya miaka yote kwa mkupuo hata ndege hujaiona. Ila kilichoniliza ni benki. Hela ya kuwaonyesha watu wa viza lazima ilale kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Mjomba wangu anauza mbao, akanikopesha, nikashukuru mpaka nikapiga goti. Kabla siku hazijatimia ananipigia, "mama, kuna mzigo wa mbao umepatikana bei nzuri, nirudishie kidogo tu." Kidogo tu! Nikarudisha, ningefanyaje na mjomba ni mjomba, hesabu ikaanza moja. Na leo huyohuyo ndo anatangaza ukoo mzima kwamba yeye ndo kanipeleka Ulaya.

Kwa hiyo nifanyeje na mimi nije? Mi siwezi kukuambia njoo wala usije, kila mtu na mfuko wake na ukoo wake. Mimi nisingeuza kiwanja kabla sijashika barua ya chuo na kabla sijajua baraza la madaktari wa meno la huku litanisajili kwa mtindo gani. Na uliza mapema TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, na Baraza la Madaktari Tanganyika, maana ukirudi na cheti cha nje bila wao kukutambua, ubingwa wako utabaki kwenye fremu sebuleni.

Na nyie mnaonifuata inbox eti nikirudi niwafungie waya bure kwa sababu tulisoma wote Kihesa, waya nanunua. Bei tutaongea hukohuko.