Kabla Hujabonyeza

Wanaredio wa ridhaa wenzangu, nimeombwa nizungumzie adabu za kuongea kupitia setelaiti. Nianze na aibu yangu mwenyewe.

SO-50 ni setelaiti ndogo ya Saudia iliyorushwa Desemba 2002. Njia yake ya sauti ni moja tu: unaituma sauti kwenye megahezi 145.850, unaipokea kwenye 436.795, na dakika kumi na kitu hivi ishapita, imezama. Siku yangu ya kwanza nilisimama uwanjani, antena mkononi, nikaita. Kimya. Nikaita tena, nikataja herufi za kituo changu mara saba, nane. Kumbe kile kidude cha kunyamazisha mvumo nilikuwa nimekibana, na setelaiti yenyewe inatuma kwa robo wati, ingekifunguaje? Watu walikuwa wanaongea, mimi nawakanyaga. Usiku mmoja wao akanipigia simu: "Mzee, leo umetuhutubia."

Basi kidude kile kifungue kabisa, mvumo ukuudhi masikio. Setelaiti inapochomoza isikilize karibu na 436.805, ukishuka polepole hadi kama 436.785 inapotua, kwa sababu mwendo wake unayasogeza masafa. Huisikii? Usibonyeze kitufe cha kutuma. Ukiisikia na ukajibiwa, taja kituo chako, pokea, shukuru, ondoka. Wale mnaosalimiana kila siku, habari za watoto ulizaneni kwa simu.

QO-100 ni mambo mengine. Hiyo ni ya Qatar, ilirushwa Novemba 2018, imetulia nyuzi 25.9 mashariki na haisogei. Kwetu, Dar au Nairobi, iko karibu na utosi, hata dishi lako mvua ikinyesha linaweza kugeuka beseni. Pale muda upo wa kuongea. Tatizo lake ni nguvu, maana wote mnakula sinia moja: mkono mmoja ukichota sana, nyama za wenzako zinapungua. Mwongozo ni ishara ya utambulisho inayotumwa na setelaiti muda wote. Sauti yako isiizidi hiyo. Ukiizidi, king'ora kinalia juu ya masafa yako, kila mtu anakisikia. Mtambo wa king'ora hicho unaitwa Leila. Ni ufupisho wa Kijerumani, lakini mwenye shangazi Leila hatashangaa kwamba anakemea.

Na hapo utajisikia mwenyewe, umechelewa robo sekunde, kwa kuwa sauti imepanda kilomita 36,000 na kushuka tena. Inakera, ulimi unajikwaa. Wengine huzima spika. Ukizima, utajuaje kwamba umemzidi mwenzio? Vaa vihedfoni, uzoee. Dishi la kawaida la nyumbani na wati chache zinatosha kabisa.

Haya, tutoke nje, SO-50 inakaribia kuchomoza. Antena ashike mmoja. Redio nitaishika mimi, na kidude kile leo nimeshakifungua.