Ganzi ya Mbavu na Pumzi ya Mgonjwa Aliyepasuliwa Kifua

Waheshimiwa wasikilizaji, assalamu alaikum.

Yupo mgonjwa ambaye wauguzi wa hapa Unguja wanamjua vyema: mzee aliyepasuliwa kifua jana, amelala kimya, na kila akiulizwa hali hujibu, "Alhamdulillahi, sijambo." Ukimya huo usituridhishe. Mwambieni akohoe, kisha mtazame mkono wake unavyokimbilia ubavuni na kikohozi kinavyokatika kooni. Anayeogopa kuvuta pumzi ndefu huacha makohozi yatuame, sehemu za chini za mapafu hunywea, na nimonia hupata nafasi. Ndiyo maana maumivu haya tunayatibu kwanza kwa ajili ya pumzi, raha ya mgonjwa ikifuata.

Kwenye ukingo wa chini wa kila ubavu hupita neva pamoja na mishipa ya damu, na daktari anapozitanua mbavu ili aingie kifuani, neva hizo hubanwa na hata kujeruhiwa. Morfini husaidia, lakini ikizidi humlaza mgonjwa na kupunguza upumuaji wake, yaani huzidisha lile lile tunalolikimbia. Dawa ya ganzi ikiwekwa pembeni mwa uti wa mgongo, pale neva zinapotokea, hutia ganzi upande mmoja tu, na kwa kawaida haishushi presha kama epidurali, yaani ganzi ya mgongoni inayoshika pande zote mbili, inavyoweza kuishusha. Njia iliyoelezwa mwaka 2016, ya kuiweka dawa chini ya misuli inayosimamisha mgongo, ni nyepesi zaidi, kwa kuwa sindano inayoongozwa na ultrasaundi hulenga mfupa ulio mbali na pafu. Binafsi naiona inatufaa, hata kwa mchumaji karafuu wa Pemba aliyeanguka mtini akavunjika mbavu bila ya kupasuliwa.

Bupivakaini, ambayo ni dawa ya ganzi, hudumu saa kadhaa tu. Kwa hiyo ama huachwa mrija mwembamba wa kuiongezea, ama dawa nyingine hutolewa kabla ganzi haijaisha. Kiasi cha dawa hufuata uzito wa mgonjwa. Mgonjwa akisema anahisi ladha ya chuma mdomoni, masikio yanavuma au midomo inakufa ganzi, sindano isimamishwe hapo hapo, kwani dawa imezidi katika damu na moyo unaweza kusimama. Dripu ya mafuta ya asilimia 20, ambayo ndiyo tiba yake, iwe karibu kabla ya kuanza.

Nawaomba wauguzi wa zamu ya usiku wapime maumivu mara mbili, mgonjwa akiwa ametulia na akiwa anakohoa, na kipimo cha pili ndicho cha kumwitia daktari.